Nyumba ya Watu Tisa Mjini Lexington

Swali linaloingia kwenye simu yangu kuliko jingine lolote hutoka kwa ndugu waliotua Arizona, Texas au New York, na hata kwa walio bado kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wakisubiri majibu ya faili zao: eti huko Kentucky nyumba ni bei rahisi? Habari hizo zimetembea. Binamu alihamia, akatuma picha ya uwanja wa majani na gari limeegeshwa mlangoni, basi ikatosha. Ukilinganisha na Boston au Seattle, ndiyo, ni rahisi. Lakini nimeona familia zikifunga mizigo kwa jibu hilo fupi zikaja kuteseka, na ndiyo sababu naandika refu.

Mimi ni mkalimani hapa Lexington, Kentucky. Kazi yangu ni kukaa kati ya Mswahili na karatasi: mikataba ya kupanga, barua za hospitali, fomu za shule, notisi za kufukuzwa kwenye nyumba. Kazi haikosekani. Katika shule za umma za kaunti ya Fayette, ulipo mji huu, Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi baada ya Kiingereza na Kihispania, na wengi wanaokizungumza ni Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda. Mji mkubwa usingekuwa na nafasi ya kutuona. Mji wa ukubwa huu unatuona, ila vitabu vyake vya hesabu bado havijui vituweke wapi.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 322,570 Lexington. Mji na kaunti ya Fayette ni kitu kimoja tangu 1974, serikali mbili zilipounganishwa. Ila ukiona takwimu za jiji pamoja na viunga vyake, hizo ni za kaunti sita: Fayette yenyewe, Scott, Jessamine, Clark, Woodford na Bourbon. Jumla ni watu 516,811. Kaunti hizi hazikuwekwa pamoja kwa ujirani tu. Serikali kuu huangalia watu wanalala wapi na wanafanya kazi wapi. Kaunti ya pembeni huingizwa kama angalau robo ya wafanyakazi wake huenda kazini kwenye kaunti ya kati, au robo ya ajira zake hushikwa na watu wanaotoka huko. Kwa hiyo anayetaka kuielewa ramani hii asimame saa kumi na mbili asubuhi juu ya daraja la barabara ya I-75, kaskazini mwa mji, atazame taa za magari. Wengine wanatoka Georgetown kuja Lexington, wengine wanatoka Lexington kwenda Georgetown, kwenye kiwanda cha Toyota kilichoanza kutoa magari mwaka 1988 na ambacho kampuni yenyewe husema ndicho kikubwa kuliko vyote ilivyo navyo duniani. Kwenye msururu huo wamo Wakongo wengi, Wabembe, Wafuliiru na Wanyamulenge, wanne wanne ndani ya gari moja, wamechangia mafuta.

Sasa tazama jinsi watu walivyoongezeka. Kati ya 2010 na 2020 kaunti sita zilipata watu 44,712 zaidi. Fayette ilikua kwa asilimia 9. Scott, ambako ndiko Georgetown ilipo, ilikua kwa asilimia 21, kutoka watu 47,173 hadi 57,155. Bourbon, jirani wa upande wa kaskazini mashariki, iliongeza watu 267 tu kwa miaka kumi yote. Tofauti ya namna hiyo haiji yenyewe. Inatokana kwa sehemu na mstari uliochorwa mwaka 1958.

Mwaka 1956 IBM ilitangaza kwamba ingejenga kiwanda cha mashine za kuchapa Lexington. Mji ulikuwa mdogo, wa tumbaku, farasi na chuo kikuu. Kaunti nzima ilikuwa na watu kama 100,000 mwaka 1950. Kufikia 1970 walikuwa wamepita 174,000. Wenye mashamba ya farasi waliona hatari mapema. Ardhi ya hapa imekaa juu ya mawe ya chokaa, majani yake hulisha farasi wa mbio wanaouzwa kwa mamilioni kwenye minada ya Keeneland, na shamba likishakatwa viwanja halirudi kuwa shamba. Basi mwaka 1958 ukachorwa mpaka: ndani yake kuna maji taka, barabara na ujenzi, nje yake kunabaki mashamba. Ulikuwa mpaka wa kwanza wa namna hiyo Marekani. Hadi leo sehemu kubwa ya ardhi ya Fayette iko nje ya mpaka, na tangu mwaka 2000 kaunti imekuwa ikiwalipa wenye mashamba ili wasije wakayauza kwa wajenzi.

Mimi nayapenda mashamba hayo. Ukitoka mjini kwa barabara ya Paris Pike, ukapita kati ya kuta za mawe zilizopangwa bila saruji na ukaona farasi na watoto wao wanakimbia kwenye majani, unaelewa kwa nini watu wamepigana kwa zaidi ya miaka sitini kuyalinda. Lakini mtu asiyepata nyumba ndani ya mpaka hatoweki. Anaruka shamba, anaangukia Georgetown au Nicholasville, miji ya kaunti jirani. Anapata nyumba ya nafuu, halafu anaanza kulipia petroli, tairi na muda. Mabasi ya Lextran yanaendeshwa kwa msaada wa kodi ya mali ambayo wakazi wa Fayette waliipigia kura mwaka 2004, hivyo huduma yake ni ya Fayette. Mama asiye na leseni ya kuendesha gari, akihamia Georgetown kwa sababu pango ni pungufu, amejifungia. Nimewaona kina mama wa namna hiyo: miezi inapita, sokoni wanapelekwa Jumamosi na mtoto wa dada, na darasa la Kiingereza linabaki la kusimuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawaambiwi. Lexington hukata asilimia 2.25 ya mshahara wa kila anayefanya kazi ndani ya kaunti, hata kama analala kwingine. Ndiyo pesa kubwa inayoendesha mji. Kwa hiyo mji una sababu nzito ya kuvuta ajira, na sababu nyepesi zaidi ya kuhangaikia mwenye ajira atalala wapi. Sisemi hilo ndilo kusudi la viongozi, wengi wao wamejitahidi, na tangu 2014 kuna mfuko wa mji wa nyumba za gharama nafuu. Nasema mfumo wa kodi unaegemea upande huo.

Tuje kwenye kipato, mahali ambapo takwimu hutudanganya zaidi.

Kipato cha kaya cha Lexington kwa makadirio ya 2018 hadi 2022 kilikuwa karibu dola 66,000 kwa mwaka. Hiyo ni mediani: panga kaya zote kwa mstari kutoka maskini hadi tajiri, chukua ya katikati. Ni kipimo kizuri kuliko wastani wa kawaida, maana tajiri mmoja mwenye farasi hawezi kukivuta juu. Ila kinahesabu kaya, hakihesabu vinywa. Kaya ni mjane aliyestaafu peke yake. Kaya ni wanafunzi watatu waliochangia apatimenti karibu na University of Kentucky, chuo chenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Na kaya ni baba, mama, bibi, watoto watano na mpwa waliyemlea tangu kambini.

Piga hesabu ya hiyo ya mwisho. Watu wazima watatu wanafanya kazi ghalani au kiwandani kwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kila mmoja anapata dola 37,440 kwa mwaka. Jumla ni dola 112,320. Kwenye jedwali, kaya hii imepita mediani kwa mbali, imekaa na wenye nafasi. Gawa kwa watu tisa: dola 12,480 kwa kichwa. Mume na mke wastaafu wenye dola 66,000 wana dola 33,000 kila mmoja. Mtu akisoma jedwali hilo ofisini atasema familia ya Wakongo inaendelea vizuri kuliko wastaafu, na hatakuwa amekosea kusoma.

Serikali inajua tatizo hili kwa kiasi. Wizara ya nyumba, HUD, inapoweka viwango vya nani anastahili msaada huanzia kwenye familia ya watu wanne, kisha huongeza asilimia 8 kwa kila anayezidi. Mtu wa tano, wa sita, wa saba, kila mmoja asilimia 8. Yeyote aliyenunua sare, viatu vya theluji na unga wa watoto watano anajua kwamba asilimia 8 haitoshi.

Kanuni nyingine inayotawala hapa ni ile ya asilimia 30. Sheria ya mwaka 1969 iliweka kwamba mpangaji wa nyumba za umma asilipe zaidi ya robo ya kipato chake; mwaka 1981 ikapandishwa hadi asilimia 30, na kipimo hicho kikageuka kuwa cha nchi nzima. Mwenye dola 18 kwa saa, peke yake, ana dola 3,120 kwa mwezi kabla ya makato, hivyo pango lake lisizidi dola 936. Mwenye kima cha chini cha Kentucky, dola 7.25 ambayo haijaguswa tangu 2009, asizidi dola 377. Nyumba ya familia kwa bei hiyo haipo Lexington. Wenye nyumba nao wana kanuni yao, na ndiyo inayofunga mlango: kipato kiwe mara tatu ya pango. Nyumba ya dola 1,500 inadai kipato cha dola 4,500 kwa mwezi, na cheki za mshahara za kukionyesha. Mtu aliyeanza kazi mwezi uliopita hana cheki hizo. Halafu kila mtu mzima analipa ada ya maombi, haijalishi kama atapewa au atakataliwa, na ada hiyo hairudi.

Mwaka jana nilikaa kwenye ofisi ya apatimenti na mama mmoja wa Fizi, Kongo, mtu mzima, kitenge chake kimefungwa vizuri, bahasha ya karatasi zote za familia mapajani. Walikuwa watu tisa. Meneja alikuwa na apatimenti ya vyumba vinne vya kulala, kubwa kuliko zote alizonazo. Akaeleza kwa upole kwamba kampuni yake inaruhusu watu wawili kwa chumba, kwa hiyo wanane. Nikatafsiri. Mama akanyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akaniambia: "Mwanangu, muulize, huyo wa tisa ana miezi minane, analala mgongoni kwangu. Chumba anakihitaji cha nini?"

Nikauliza kama alivyosema. Jibu lilikuwa ni lile lile, wanane.

Kipimo cha watu wawili kwa chumba kilianzia kwenye waraka wa HUD wa 1991, uliochapishwa rasmi 1998. Waraka huo unasema kipimo hicho kwa kawaida kinakubalika, lakini pia unasema ukubwa wa vyumba na umri wa watoto uangaliwe. Sheria ya haki ya makazi, tangu ilipoongezwa mwaka 1988, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ana watoto. Mlango upo basi, ila kuusukuma kunataka wakili, muda na moyo, na familia ile ilikuwa inalala kwa shemeji, magodoro sebuleni.

Wakachukua apatimenti mbili, moja ya vyumba viwili na nyingine ya vyumba vitatu, zinazotazamana kwenye ngazi moja. Pango mbili, dhamana mbili, bili mbili za umeme. Bibi na wakubwa upande huu, wazazi na wadogo upande ule. Jioni unamkuta msichana wa miaka kumi anavuka ngazi na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, anarudi kuchukua bugali, mlango haufungwi kutwa kwa sababu familia ni moja. Pesa ambazo zingewekwa kwa ajili ya kununua nyumba zinaishia kwenye pango la pili.

Vyumba vinne si kwamba havijengwi kabisa. Karibu na chuo kikuu vipo vingi, apatimenti za vyumba vinne na mabafu manne. Hizo zinakodishwa kwa kitanda, mwanafunzi mmoja mmoja, kila mmoja na mkataba wake na mara nyingi mzazi wa kumdhamini. Jumba lile lile, likijengwa kwa sebule kubwa badala ya mabafu manne, lingeweza kulaza watoto sita wa Fizi. Mjenzi amepiga hesabu yake na akachagua. Simlaumu mwanafunzi, ila mji unaoruhusu hayo yote na kisha kushangaa familia kubwa zinajazana, haujaangalia unachokijenga.

Wengine wanatumia vocha ya serikali ya kulipia pango. Wenye nyumba wengi wanaikataa. Mapema 2024 baraza la Lexington lilipitisha sheria ya kuwazuia kumkataa mpangaji kwa sababu tu analipa kwa vocha. Muda mfupi baadaye bunge la jimbo huko Frankfort likapitisha sheria ya kuifuta na kuzuia miji yote isitunge ya namna hiyo. Gavana aliipinga, bunge likampita. Mji ulijaribu, ukanyang'anywa. Mwenye vocha akija kwangu leo, namwambia aanze kutafuta mapema na asitupe karatasi hata moja.

Ndiyo maana Wakongo wengi wa hapa wananunua nyumba mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika nyumba yako hakuna meneja wa kuhesabu vichwa. Wanatafuta nyumba ya zamani yenye chumba cha chini, wanaongeza vyumba huko, na fundi mwaminifu atawaambia kwamba chumba cha kulala chini kinataka dirisha la kutokea moto ukiwaka. Msisitizo wangu hapo ni mkubwa: msilaze watoto chini bila dirisha hilo. Kinachowaumiza ni riba. Januari 2021 riba ya mkopo wa miaka 30 ilishuka hadi asilimia 2.65, Oktoba 2023 ikafika asilimia 7.79. Chukua mkopo wa dola 240,000. Kwa asilimia 3 unalipa kama dola 1,012 kwa mwezi. Kwa asilimia 7 unalipa kama dola 1,597, kabla ya kodi ya mali na bima. Nyumba ni ile ile. Waliofika 2015 wakafanya ovataimu kwa miaka mitano, wakanunua kwa riba ndogo. Waliofika 2021 walifanya ovataimu ile ile, walipokuwa tayari mlango ulikuwa umeshafungwa. Hakuna uvivu katika tofauti hiyo.

Sasa nirudi kwenye zile apatimenti mbili, kwa sababu takwimu zinazaliwa hapo. Idara ya sensa huhesabu msongamano kwa kugawa watu kwa vyumba vya nyumba, si vya kulala tu. Wakizidi mmoja kwa chumba, nyumba imejaa kupita kiasi. Familia ya watu tisa ilipogawanyika mara mbili, msongamano ulifutika. Kwenye karatasi sasa kuna kaya mbili za kawaida, moja ya watu wanne, nyingine ya watano, kila moja na kipato cha kawaida. Nyumba ya watu tisa haionekani popote kwamba ilihitajika. Ofisa wa mipango ya mji akifungua jedwali la ukubwa wa kaya, ataona hakuna haja ya kujenga vyumba vitano.

Na wale waliojibana pamoja wanaficha. Aliyemwambia meneja kwamba wako wanane, ataandika wanane kwenye fomu ya sensa, akiogopa fomu itamfikia meneja. Anayeachwa mara nyingi ni mtoto mdogo. Haya si ya Wakongo peke yao: idara yenyewe ilikiri kwamba sensa ya 2020 iliwapunguza watoto wa chini ya miaka mitano kwa karibu asilimia 2.8, na watu weusi kwa asilimia 3.3. Naomba hili lifike kanisani, msikitini, kwenye vikundi vya WhatsApp na kila sebule: sheria inakataza majibu ya sensa kupewa mwenye nyumba, polisi au idara ya uhamiaji, na kumbukumbu za majina hufungwa kwa miaka 72. Andikeni wote. Andikeni na wa mgongoni.

Lugha nayo haijakaa sawa. Sensa ya 2020 ilitoa mwongozo wa kujaza fomu kwa lugha 59, Kiswahili kikiwemo. Lakini fomu yenyewe ya intaneti ilipatikana kwa Kiingereza na lugha nyingine 12, na Kiswahili hakimo. Kwenye majedwali ya utafiti wa kila mwaka wa idara ya sensa tumewekwa safu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, wazungumzaji wa Kizulu na wa Kinyarwanda ndani ya namba moja na sisi.

Mwaka 2023 baraza la Lexington liliamua kupanua mpaka wa ujenzi, mara ya kwanza tangu 1996, kwa ekari zipatazo 2,800. Mjadala ulikuwa mkali. Wenye mashamba upande mmoja, wajenzi na wanaodai nyumba za nafuu upande mwingine. Kati ya 2010 na 2020 Fayette pekee ilipata watu 26,767. Ukigawa kwa watu wawili na nusu kwa kaya, hizo ni nyumba zaidi ya 10,000, na pango limekuwa likipanda mbele ya macho yetu. Mimi naunga mkono upanuzi ule, kwa moyo mzito, kwa sababu ya familia zinazovuka ngazi na sufuria. Ila ekari hizo zikijazwa nyumba za kuuzwa kwa mtu mwenye mshahara wa daktari, tutakuwa tumetoa mashamba bure. Kwenye mikutano ya mipango ya ekari hizo ninachodai ni nyumba za kupangisha zenye vyumba vinne na vitano, kwenye njia ya basi, kwa bei ambayo watu watatu wa dola 18 kwa saa wanaweza kuilipa pamoja. Mikutano iko wazi kwa kila mkazi, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa. Kama ni mimi nitakayeitwa, nitakuja.